Makinda wa mbayuwayu bandani: siku ya ngapi ni salama kuwavisha pete?

MwanafunziWaBoriti:

Habari za humu wadau. Swali hili ni kwa wanaovisha ndege pete za namba mguuni, za kuwatambulia, Ulaya, hasa Uingereza.

Kuna mabanda ya farasi huku Norfolk yenye viota tisa vya mbayuwayu juu ya boriti, kama mita tatu kutoka sakafuni. Kibali changu ni cha mwanafunzi, mkufunzi atakuwepo, na mwenye mabanda ameridhia. Mazoezi yote hadi sasa ni ya ndege walionaswa kwenye wavu. Kinda wa kiotani bado sijamgusa. Ninachotaka kujua kabla ya siku yenyewe:

Siku ya ngapi baada ya kuanguliwa ndiyo salama? Nimesikia siku ya sita, nimesikia pia ya kumi na nne, na tofauti hiyo ni kubwa mno. Pili, ule mguu ni mfupi kama nini, koleo ya kubania pete inaingiaje bila kumuumiza? Tatu, kinda akiruka nje ya kiota nifanyeje? Na wale wanaokuwa wameshatoka viotani Julai na Agosti, wananaswaje?

La mwisho ni udadisi tu. Kila Oktoba mbayuwayu wanajaa kwenye nyaya za umeme kwetu Mwanza. Je, hawa wa Norfolk wanaweza kuwa ndio hao hao?

Mapao:

Anayekwambia siku ya sita na anayekwambia ya kumi na nne wote wawili wanahesabu kalenda. Kinda hakui kwa kalenda, anakua kwa wadudu. Wiki ya mvua na baridi, wadudu hawaruki, wazazi wanarudi midomo mitupu, na kinda wa siku tisa anaonekana kama wa siku saba. Kwa hiyo angalia bawa.

Mbayuwayu anaanguliwa uchi, kipofu, na vishungi vichache vya malaika ya kijivu kichwani na mgongoni, ana uzito wa gramu mbili hivi. Wiki ya kwanza ikikaribia kwisha, manyoya ya bawa yanaonekana kama vijiti vya bluu-kijivu, bado yamo ndani ya ala zake. Baada ya hapo ncha za ala zinapasuka na kila kijiti kinaota kibrashi kidogo mwishoni. Hapo ndipo wakati wako: ala zimepasuka, lakini unyoya uliotoka nje haujafika theluthi moja ya urefu wake. Kwa hali ya hewa ya kawaida hiyo ni kati ya siku ya nane na ya kumi. Unyoya ukiwa umetoka kati ya theluthi moja na mbili, mkufunzi mzoefu anaweza kuendelea kwa tahadhari. Ukipita theluthi mbili, shuka kwenye ngazi na uende kiota kingine.

Kwa nini usiwahi? Mguu. Muundi wa kinda wa siku tano ni mwembamba na laini, na nyayo ni ndogo. Pete inateleza, inavuka vidole, ama inadondoka kiotani au, baya zaidi, inakibana kidole cha nyuma kikiwa kimelala sambamba na muundi. Kinda anakua, pete haikui, kidole kinakufa. Sababu ya pili watu huisahau: wazazi wanasafisha kiota. Kinyesi cha makinda wadogo kinatoka kikiwa kimefungwa kama kifuko cheupe, na mzazi anakibeba kwenda kukitupa nje. Kitu kinachong'aa katikati ya kiota anaweza kukiona ni uchafu akakivuta, na kwenye kile kitu pana mguu.

Kwa nini usichelewe? Kuanzia wiki mbili hivi kinda ana woga. Kabla ya hapo, ukimgusa anajikunyata na kutulia. Baada ya hapo, ukimgusa anaruka, na akiruka mmoja wanafuata wote. Kwa kawaida wanatakiwa kukaa kiotani hadi wiki tatu hivi. Aliyeruka siku ya kumi na tano hajui kupaa, na sakafuni pana paka na kwato za farasi.

Sasa, kuipata siku hiyo bila kubahatisha. Jike anataga yai moja kwa siku, kwa kawaida manne au matano, na anaanza kuatamia kwa dhati karibu na yai la mwisho. Kuatamia ni wiki mbili na kitu. Ukikuta mayai matatu leo, chukulia litafika la tano keshokutwa, ongeza siku kumi na nne au kumi na tano, halafu ongeza nane au tisa. Unapata siku kama ishirini na tano kuanzia leo. Andika kwenye daftari, kisha pita siku mbili kabla ukachungulie kwa kioo kidogo kilichofungwa kwenye fimbo. Kioo kinatosha, hakuna haja ya kutia mkono. Viota tisa havitakuwa sawa hata kidogo: wengine watakuwa kwenye mzao wa kwanza mwezi wa sita, wengine wa pili mwezi wa saba au wa nane, na mara nyingine wa tatu unafika Septemba. Ukipanga siku moja ya kuvisha vyote tisa, tayari umeshakosea viota vitano.

Koleo_na_Uzi:

Mapao kamaliza suala la umri. Naingia kwenye chuma.

Mbayuwayu Uingereza anavaa saizi A, pete ya mchanganyiko wa alumini. Orodha ya saizi inatolewa na British Trust for Ornithology, shirika linalosimamia uvishaji pete Uingereza, pamoja na kibali, na haijadiliwi. Usivishe saizi ya jirani kwa sababu yako imekwisha. Kila pete ina namba yake ya pekee na anwani ya kutolea taarifa. Kabla ya kupanda ngazi, soma namba ya pete ya kwanza na ya mwisho kwenye mfuatano, uhakikishe zinalingana na daftari.

Koleo ya kuvishia ina matundu ya ukubwa tofauti kwenye meno yake. Tumia tundu la saizi A tu. Tundu kubwa linaacha pete ikiwa na mwanya, na kwenye mwanya huo unywele wa farasi utaingia. Tundu dogo linaiponda pete ikawa yai, na pete ya umbo la yai inakwaruza muundi kila ndege anapotua.

Hatua zenyewe:

Mweke kinda kiganjani akiwa chali, kichwa kikielekea kifundo cha mkono wako, mwili wake umezungukwa na vidole bila kubanwa kifua. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama sisi. Anapumua kwa kufungua na kufunga kifua, ukikibana anakosa hewa hata kama pua ziko wazi. Shika mguu wa kulia kwa kidole gumba na cha shahada, ukishika juu ya kifundo cha vidole, muundi unyooke. Pete iko kwenye tundu la koleo, mwanya wake ukitazama nje kwenye mdomo wa koleo. Ingiza muundi kwenye mwanya, hakikisha vidole vyote vinne viko chini ya pete, kisha bana taratibu mpaka ncha zikutane. Zungusha koleo robo mzunguko, bana tena. Ule mbano wa pili ndio unaoziweka ncha sawasawa. Wa kwanza peke yake huacha ufa mwembamba usioonekana bila mwanga mzuri.

Pitisha ukucha juu ya kiungo. Ukucha ukikwama, pana ufa au ncha moja imepanda juu ya nyingine. Ufa unabanwa tena. Ncha zilizopandana hazibanwi tena, pete inatolewa. Kuitoa: pitisha nyuzi mbili imara, au waya mbili laini, kati ya pete na muundi, kila moja ikishika upande wake wa kiungo, halafu vuta kwa nguvu sawa pande mbili zinazopingana, mwenzako akiwa ameushika mguu usiyumbe. Usijaribu kufungua kwa ukucha au kisu. Mguu wa kinda unavunjika kwa nguvu ndogo kuliko unavyofikiri. Pete iliyofunguliwa haivaliwi tena, inaandikwa kuwa imeharibika.

Iliyovaa vizuri inateleza juu na chini na kuzunguka yenyewe, lakini haivuki goti wala vidole. Ukiishusha ikashuka mpaka kwenye vidole, kinda huyo ni mdogo mno, itoe na umwache.

Namba unaisoma kwenye pete iliyo mguuni, siyo ile unayodhani ndiyo inayofuata. Msomaji asome kwa sauti, mwandishi aandike kisha airudie kwa sauti. Makosa mengi ya data yanatokea hapa na si penginepo.

Mapao:

Nyongeza ya kushusha makinda. Usivishe ukiwa juu ya ngazi. Shusha wote kwa mara moja kwenye mfuko mmoja safi wa pamba, kaa chini, visha, rudisha wote. Kiota kimoja kwa wakati mmoja, usije ukachanganya watoto wa nyumba mbili.

Kinda ameng'ang'ania malalo kwa kucha. Ukimvuta juu anakuja na manyoya ya kuku na nywele za farasi zote za ndani ya kiota. Ingiza kidole chini ya tumbo, legeza vidole vyake kimoja kimoja, ndipo umwinue. Kagua miguu papo hapo kama kuna unywele uliojisokota. Upo mara nyingi zaidi ya unavyotarajia kwenye mabanda ya farasi, na ukiukuta ukate kwa mkasi mdogo kabla ya kufikiria pete. Usijishikilie kwenye ukingo wa kiota. Ni udongo mkavu uliochanganywa na majani, unamomonyoka kama kipande cha mkate wa juzi.

Kutoka kiotani hadi kurudi, dakika kumi zisipite. Usifanye kazi hii wakati wa mvua ya baridi, maana makinda watakuwa na njaa na wazazi hawana muda wa kupoteza. Siku ya jua kali angalia paa: chini ya bati joto la mchana linapanda sana, afadhali asubuhi. Na usiache mpaka jua linakaribia kuzama, wazazi wanahitaji mlo wa mwisho wa kulisha.

Utitiri_Hoyee:

Jambo dogo ambalo hakuna aliyeligusa: viota vya mzao wa pili vina utitiri kuliko vya kwanza, kwa sababu mara nyingi ni kiota kilekile. Mfuko wa kiota kimoja usitumike kwa kingine mpaka ufuliwe. Beba mifuko tisa, basi. Vaa mikono mirefu. Utitiri utakupanda lakini hautakaa, wewe si ndege. Ukiona inzi bapa anakimbia kiubavu-ubavu kati ya manyoya ya kinda, huyo ni mnyonya damu wa ndege, ni wa kawaida, mwache.

Kama shamba lina kuku, muulize mwenyewe masharti yake ya magonjwa kabla hujaingia. Viatu vioshwe kwa dawa kuingia na kutoka. Homa ya mafua ya ndege imewafundisha wafugaji ukali, na wana haki.

MwanafunziWaBoriti:

Asanteni sana wakuu. Leo nimechungulia kwa kioo. Viota vinne vina mayai, viwili makinda uchi kabisa, kimoja kiko kwenye vibrashi kama alivyoeleza Mapao. Kimoja kina watano walioota manyoya kamili, wanachungulia juu ya ukingo na kona za midomo za njano. Cha tisa kina wanne kwenye vibrashi na mmoja mdogo ambaye bado ni vijiti. Hivi viwili vya mwisho nifanyeje?

Mapao:

Wale watano wanaochungulia ni wa kuachwa. Usiweke hata ngazi chini yao. Hesabu vichwa kutoka mbali, andika "hai watano, hawakuvishwa", inatosha; hiyo nayo ni data ya kiota.

Cha tisa: mayai hayaanguliwi yote siku moja, wa mwisho anaweza kuwa nyuma kwa siku moja au mbili, na wakati wa njaa anazidi kuachwa. Panga kwa mkubwa, siyo kwa mdogo. Visha wanne, mdogo mwache bila pete, mrudishe katikati ya wenzake apate joto. Kwenye kumbukumbu: hai watano, waliovishwa wanne. Usirudi baada ya siku tatu kumvisha yule mmoja, kwa sababu siku hiyo wale wanne watakuwa wanakaribia umri wa kuruka.

Koleo_na_Uzi:

Na kama wakiruka licha ya yote: kwanza simama. Usikimbize. Mtu mmoja afunge mlango wa banda, mwingine awakusanye wote kwenye mfuko mmoja wenye giza, mkihesabu. Wakitimia, warudishe pamoja, funika kiota kwa kiganja au kitambaa cheusi mpaka waache kusukuma, dakika tano au zaidi, kisha ondoa mkono polepole sana na ushuke bila kugeuka kuwatazama. Ukirudisha mmoja mmoja, wa kwanza anaruka wakati unamfuata wa pili. Kama mmoja anakataa kabisa na anaweza kurukaruka, mweke juu ya boriti iliyo karibu, wazazi watamlisha kwa sauti yake.

Hapa nina tofauti kidogo na Mapao. Hata kwenye kipimo cha theluthi moja hadi mbili, mimi ningesema mwanafunzi asiguse. Mkufunzi anaweza. Anayejifunza mikono yake ni ya polepole, na kwa kinda wa umri huo upole na upolepole ni vitu viwili tofauti.

Mapao:

Hilo nalikubali.

Matete_ya_Jioni:

Swali la nne halijajibiwa, nalichukua.

Waliokwisha kutoka viotani hawalali bandani kwa muda mrefu. Kuanzia Julai hadi Septemba wanakusanyika jioni kulala kwenye matete, mara nyingine mamia kwa maelfu, na wengi wao ni wa mwaka huohuo. Hapo wananaswa kwa nyavu laini za nailoni nyeusi, zenye matabaka yanayoning'inia kama mifuko; ndege anagonga wavu na kudondokea kwenye mfuko ulio chini yake.

Simamisha fito na kamba mchana, kwenye njia iliyofyekwa kati ya matete, si kabla tu ya machweo. Julai jua la Uingereza linazama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo nyavu zifunguliwe saa moja na nusu au saa mbili. Urefu wa wavu unaamuliwa na idadi ya mikono inayoweza kutoa ndege. Watu wawili, mmoja akiwa mwanafunzi, wavu mmoja wa mita 12 unawatosha kabisa. Mbayuwayu hawaji kwa hesabu. Wanazunguka juu kwa nusu saa hakuna kinachotokea, kisha wanamwagika kwa dakika kumi. Mwenye mita 60 za wavu na watu wawili anatengeneza vifo.

Kinachoua hasa ni tabaka la chini. Wavu mtupu uko sentimita thelathini juu ya maji, unaona sawa. Wakiingia ndege arobaini, unalegea, mfuko wa chini unagusa maji na waliomo wanazama. Kwa hiyo upime ukiwa umebonyezwa kwa mkono, siyo ukiwa mtupu, na kama ni mahali pa maji kupwa na kujaa hesabu na kujaa kwenyewe. Ukiona wanazidi, zima mara moja sauti iliyorekodiwa ya kuwaitia, kama mnaitumia, toa kwanza wa tabaka la chini, kisha kunja kila sehemu iliyokwisha kusafishwa.

Kumtoa: tafuta kwanza aliingia upande gani. Mfuko wa wavu unafunguka upande huo na ndege anatoka alikoingilia, hakuna njia nyingine. Mbayuwayu ana miguu mifupi, haisumbui sana; kinachojisokota ni bawa kwenye kiwiko cha mbele. Achia miguu, achia tumbo, kisha vua uzi kwenye bawa kama unavyomvua mtoto fulana, kutoka nyuma kwenda mbele. Uzi ukikataa baada ya dakika moja au mbili, mwite mkufunzi. Ikibidi kata uzi mmoja. Wavu unanunuliwa.

Wa mwaka huu unamtambua kwa mkia usio na zile nyuzi ndefu, koo la rangi ya hudhurungi iliyopauka badala ya nyekundu iliyokolea, mgongo usiong'aa sana, na njano ya mdomoni iliyobaki. Pima bawa likiwa limekunjwa, kisha uzito. Wengi watakuwa kati ya gramu 16 na 22. Wale wa Septemba wenye mafuta ya safari huzidi hapo. Angalia vizuri usije ukaandika mbayuwayu kwa kila aliyemo: jamaa yake wa kahawia mwenye mkanda kifuani, anayechimba kingo za mito, analala kwenye matete hayohayo.

Giza likishaingia, usimwachie ndege usoni mwa tochi. Macho yake yanahitaji kulizoea giza. Zima taa, mkae naye dakika kadhaa mfukoni au kwenye sanduku lenye hewa, kisha mwachie pembeni mwa matete akiwa kiganjani kilicho wazi, aondoke mwenyewe. Ndege wa mwisho anatakiwa awe ameondoka usiku huohuo ungali na nguvu za kuwahesabu. Mifuko inahesabiwa kwenda na kurudi. Mfuko uliosahaulika kwenye tawi ni ndege aliyekufa asubuhi.

Nyaya_za_Mwanza:

Mie niko huku huku unakokutaja, MwanafunziWaBoriti. Ninachotaka kujua: wale wanaojenga kwa udongo chini ya upenu wa nyumba na chini ya madaraja hapa Mwanza, nao si ndio haohao? Maana nao wana koo jekundu-jekundu, na viota ni vya udongo.

Matete_ya_Jioni:

Hapana mkuu. Huyu wa Ulaya hazai Afrika Mashariki, anakuja kula na kubadilisha manyoya. Wanaojenga kwenu ni jamaa zake wa hapohapo. Mwenye utosi mwekundu, tumbo jeupe safi na nyuzi mbili za mkia nyembamba kama waya anapenda madaraja na maeneo ya maji. Mwenye milia myeusi kifuani anajenga kiota kilichofunikwa chenye mlango wa bomba. Na kandokando ya Ziwa Victoria kuna mwingine mwenye koo jekundu anayefanana mno na mgeni, ila mkanda wake wa kifuani ni mwembamba uliokatika na tumbo lake ni la kijivu-kahawia. Nadhani huyo ndiye anayekuchanganya.

Dalili nzuri ya mgeni ni manyoya. Habadilishi manyoya ya kurukia Ulaya, anasubiri afike Afrika. Kwa hiyo kati ya Novemba na Februari ukiona mbayuwayu kwenye waya, bawa lina pengo na mkia umechakaa au umebaki nusu, huyo anavaa upya.

Kuhusu kama wa Norfolk wanafika Mwanza: usitegemee sana. Wa Uingereza wengi wanapita kaskazini-magharibi mwa Afrika na kuvuka Sahara na misitu ya Kongo kwenda Afrika Kusini. Mbayuwayu wa kwanza aliyethibitisha hilo alivishwa pete kule Cheadle, Staffordshire, Mei 1911, na mwanasheria aitwaye John Masefield, akapatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Wanaojaa Afrika Mashariki wanatoka zaidi upande wa mashariki wa Ulaya na Urusi. Haimaanishi haiwezekani, ina maana tu kwamba ukikuta pete Mwanza, uwezekano mkubwa haijaandikwa London.

Nyaya_za_Mwanza:

Nikiikuta, naifanyaje?

Koleo_na_Uzi:

Ndege akiwa hai: usiivue. Piga picha pete kutoka pande zote, kwa sababu maandishi yanazunguka na hakuna picha moja inayoonyesha yote, kisha mwachie. Akiwa amekufa: andika herufi na namba zote kama zilivyo, hata zile sifuri za mwanzo, tarehe, mahali (kijiji na wilaya, au viwianishi vya simu), na alikufaje kama inajulikana. Paka, gari, au alikutwa tu amekauka, vyote vina maana tofauti kwa anayehesabu. Pete za Uingereza za miaka ya karibuni zina anwani ya tovuti, ring.ac, unajaza fomu na unajibiwa alivishwa lini na wapi. Kenya, makumbusho ya Nairobi yanapokea taarifa za ndege wenye pete. Wana uzoefu wa muda mrefu: kule Ngulia, Tsavo Magharibi, wahamiaji wamekuwa wakinaswa na kuvishwa pete tangu 1969, usiku wa ukungu wanapovutwa na taa za hoteli.

MwanafunziWaBoriti:

Nimeelewa. Swali moja limebaki: nikishavisha na kuandika, kiota hicho nimekimaliza?

Mapao:

Hujakimaliza. Rudi baada ya siku kumi na nne au zaidi, wakishaondoka. Panda, kagua ndani ya kiota na sakafuni chini yake, pekua malalo kwa kidole. Ukikuta mfu mwenye pete, soma namba na uirekebishe kwenye kumbukumbu: alikufa kiotani, hakuwahi kuruka. Usipofanya hivyo, kwenye hesabu ataonekana ni ndege aliyeondoka Norfolk akaenda Afrika asirudi, na anayepima vifo vya safarini atapata jibu lisilo kweli kwa sababu yako. Kiota kikiwa kitupu na ukingo wake umejaa kinyesi kipya, andika "wameondoka".

Na ukiwa juu, angalia kama malalo yamewekewa manyoya mapya. Ikiwa hivyo, mzao wa pili unaanza, na hesabu yako ya siku inaanza upya. Usikiondoe wala kukisafisha.